Stoo ya Baba

Baba yangu alikuwa anapofuka, na pesa ya kujitibu alikuwa nayo. Sisi watoto wake hatukujua la kwanza wala la pili.

La kwanza nililijua kwa sababu ya kigoda. Nilikwenda kwake asubuhi kumbadilishia soketi ya taa sebuleni. Anaishi peke yake tangu mama afariki, vyumba viwili na ua mdogo, si mbali na karakana yangu ya kuchomelea vyuma. Nilichukua kigoda nyuma ya mlango, nikapanda, nikafungua soketi ya zamani, nikashuka kwenda kutafuta kisu. Kigoda nikakiacha katikati ya chumba. Baba akatoka jikoni na birika mkononi, jua limejaa dirishani, akaenda moja kwa moja hadi akakipiga teke kigoda na kuanguka nacho. Bahati maji yalikuwa hayajachemka.

Nikamwinua. Akauliza nani kaweka kigoda pale. Nikamuuliza kama hakukiona.

"Mahali pa kigoda ni nyuma ya mlango," akasema.

"Sikukuuliza mahali pake. Nimekuuliza kama hukukiona."

Nikanyoosha mkono mbele yake nikamwambia ahesabu vidole. Akaniambia nisimfanye mtoto, halafu akasema vitatu. Mkono huo ulikuwa ngumi, umeshika nyundo.

Sasa nieleze ilikuwaje hatukujua. Baba alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha nyuzi kwa miaka thelathini na nne. Beringi, mikanda, bolti, sindano za mitambo, kila kitu kina rafu yake na kila rafu ina kadi yake. Wafanyakazi walimwita Kadi, na hilo jina limemkaa hadi leo. Alipostaafu aliihamishia stoo nyumbani. Sukari rafu ya juu kushoto, chumvi kulia, kiberiti kwenye kopo, tochi kwenye msumari, viatu chini ya kitanda vidole vikitazama ukuta. Mtu wa namna hiyo hahitaji macho. Alikuwa anatembea nyumbani mwake kwa kukumbuka, na sisi tukimtembelea tunaona mzee anayechukua kikombe bila kupapasa, tunasema mzee yuko imara.

Nikampeleka hospitali ya macho. Siku ya kwanza walimtazama kwa haraka tu, wakasema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, apasuliwe mapema, na kabla ya kupasuliwa atafanyiwa vipimo vingine. Jicho moja laki sita na nusu. Baba alipotajiwa bei akamshukuru muuguzi, akavaa kofia yake, akaniambia twende nyumbani.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini hesabu ya mfuko wangu naijua. Kitu changu chenye bei kilikuwa mashine kubwa ya kuchomelea. Nikipata mteja wa haraka atanipa laki tisa. Nikamwambia mke wangu. Hakupinga. Aliuliza tu tukishaiuza tutakula nini, nikasema nitafanya kazi ya kibarua kwa wenzangu. Akasema sawa, baba ni baba, akaendelea kukunja nguo, ila nguo moja aliikunja mara tatu. Dada yangu, anayepika katika shule moja ya bweni mbali na hapa, akasema atakopa kidogo kazini.

Nilimweleza baba mpango huo. Akaingia chumbani, akatoka na daftari la benki, akanipa.

"Usiuze mashine," akasema. "Soma mwisho."

Nikasoma mwisho. Milioni nne na laki moja.

Nikasoma tena, maana niliona kama sifuri zimezidi. Kwa miaka minane, tangu astaafu, kila mwisho wa mwezi nilikuwa namletea elfu ishirini. Miezi mingine nilikopa kwa muuza mabati nikamletea. Mke wangu alivaa gauni moja la kutokea miaka mitatu. Nikamuuliza hizi pesa zimetoka wapi. Akasema karibu nusu ni zile nilizomletea mimi, hajala hata moja, ziko humo zote kama nilivyozileta. Nyingine ni baki ya kiinua mgongo chake na kile alichokuwa anabana kwenye pensheni.

Alidhani nitafurahi. Mimi nilipandwa na hasira hadi masikio yakalia. Nikamuuliza mtu mwenye milioni nne anafanya nini gizani. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Nilipomaliza akaniambia hawezi kuzigusa, kwa sababu zimefika kwenye mstari.

Stoo kila kadi ilikuwa na mstari mwekundu. Vipuri vikishuka hadi pale, mtunza stoo anaagiza vingine, na vilivyo chini ya mstari havitoki kwa ombi la kawaida. Alipostaafu alijitengenezea kadi ya pesa, akapiga mstari kwenye milioni moja. Alipofika milioni moja akaona haitoshi, akausogeza hadi mbili. Alipofika mbili akausogeza hadi tatu, kisha nne. Macho yalianza ukungu mstari ukiwa kwenye tatu.

"Sasa inatosha ngapi?" nikamuuliza. "Taja namba. Mzee mmoja, vyumba viwili, pensheni laki moja na themanini kila mwezi. Inatosha ngapi?"

"Ningejua nimebakiza siku ngapi ningekutajia," akasema. "Kule stoo nilijua pa kupiga mstari kwa sababu lori lilikuwa linakuja kila baada ya wiki sita. Huku lori haliji tena, mwanangu. Nikitoa kitu kimetoka. Niupige wapi?"

Nikaondoka, na siku tatu sikukanyaga kwake. Nilimtuma mke wangu na chakula. Alirudi akasema baba amekula vizuri, amemuuliza kama bado nimekasirika, naye amemjibu kwamba ndiyo.

Siku ya nne nilikwenda kwa Spana. Huyu alikuwa fundi mkuu wa mitambo kiwanda kilekile, akastaafu mwaka mmoja na baba, na hawamalizi wiki bila kutukanana. Kwa kiinua mgongo chake alinunua gari kuukuu likafa, akanunua kuku wakafa, kilichobaki akajenga vyumba vitatu vya kupangisha. Kila tarehe ishirini hana kitu. Lakini ana meno ya bandia mapya na redio nzuri, na mke wake hucheka naye siku nzima.

Nilimweleza yote. Alicheka hadi akashika ubavu, akasema Kadi atazikwa na risiti mfukoni. Nikamwambia anapofuka. Akaacha kucheka.

Akaniuliza kama bado wanamtibu au wamesema amechelewa. Nikasema wanatibu, ni yeye anayekataa. Akafikiri, akaniomba karatasi na kalamu. Akaandika taratibu kwa mkono wa mtu aliyeshika chuma maisha yake yote, akaikunja, akasema kesho saa tatu asubuhi nimkute kwa baba, nisiseme neno lolote. Akarudia: neno lolote, maana ananijua.

Kesho yake alimkuta baba amekaa kitini kando ya dirisha. Hakuingia ndani. Alisimama nje, akapitisha mkono katikati ya nondo za dirisha, akagonga fremu mara mbili kwa pete yake, kama mafundi walivyogonga dirisha la stoo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona baba akikaa wima.

"Nani?"

"Fundi wa zamu. Nina karatasi."

Baba akanyoosha mkono, akaipokea, akaigusa pande zote. Akasema asomewe.

"Mashine imesimama," Spana akasoma kwa kichwa, bila karatasi. "Kipuri kinachotakiwa, jicho. Idadi, mbili. Sahihi ya fundi, ipo."

"Mashine namba ngapi?"

"Wewe hapo."

"Acha mchezo wako, mzee. Stoo iko kwenye mstari."

"Najua iko kwenye mstari. Chini ya mstari kuna nini?"

Baba akaigeuza karatasi.

"Nakuuliza wewe mwenye stoo. Vile vya chini ya mstari viliwekwa vya nini?"

"Vya mashine kusimama," baba akasema polepole.

"Haya. Imesimama. Ulininyima sabuni, Kadi. Ulininyima glavu mwaka mzima. Ulininyima hata kamba."

"Kamba ulikuwa unaiba."

"Nilikuwa naiba, nani hajui? Sasa niambie, miaka thelathini na nne, uliwahi kuninyima kipuri mashine ikiwa imesimama?"

Baba aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nilidhani atamfukuza. Akasema hakuwahi. Halafu akasema jambo ambalo mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kulisikia. Alisema haogopi giza. Anaogopa siku atakayobisha hodi kwangu na mkono umetangulia. Alimwona baba yake mwenyewe akizunguka kwa watoto sita, kila nyumba wiki mbili na kijifuko chake, na kila nyumba watu wanashusha sauti akiingia. Aliapa hatabeba mfuko ule.

Spana akamwambia kipofu ndiye anayebebwa, tena yeye na mfuko wake.

Baba akacheka kidogo puani. Akauliza kile alichowauliza mafundi wote maisha yake yote, maana stoo haikutoa kipya bila kurudishiwa kibovu: "Cha zamani kiko wapi?"

"Kitabaki kwa daktari. Ukakidai mwenyewe."

Baba akaomba kalamu. Akasaini juu ya kizingiti cha dirisha. Nusu ya jina lake iliingia kwenye karatasi, nusu ikaandikwa kwenye ubao, na ipo hapo mpaka leo.

Tulikwenda benki siku hiyohiyo, na kesho yake hospitali. Siku ya vipimo daktari alikuwa mwanamke kijana, mkavu wa maneno, nikampenda kwa hilo. Alipima muda mrefu na mashine ya kupuliza upepo, akarudia jicho la kushoto mara mbili. Akatuambia jicho la kulia lina mtoto wa jicho, litapasuliwa, na litaona. Jicho la kushoto lina jambo jingine nyuma ya huyo mtoto wa jicho. Lilikuwa na presha kwa muda mrefu, na mshipa wake wa kuonea umeshakufa. Hata likipasuliwa halitaona. Lile la kulia nalo presha imeanza kulinyemelea, kwa hiyo atatumia dawa ya matone kila siku maisha yake yote.

Baba akauliza lingeletwa lini lingepona. Daktari akasema hawezi kuwa na uhakika, lakini kama mwaka mmoja na nusu nyuma, au miwili, pengine.

"Mwaka juzi," baba akasema, "nilikuwa na milioni tatu."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitazama sakafu.

Kwenye dirisha la kulipia, nilisimama nyuma yake kwenye foleni. Alitaka kulipa kwa mkono wake. Alizitoa noti kwenye bahasha, akazihesabu kwa vidole, hakukosea hata moja, na mtunza fedha akazipitisha kwenye mashine yake ikampa namba ileile. Mbele yetu kulikuwa na kijana ameegemea ukuta na simu sikioni, anampigia mjomba wa nne, nilihesabu, akimwomba chochote atakachoweza. Mama yake amekaa kwenye benchi anatazama miguu yake, anajifanya hasikii. Pale ndipo hasira yangu ilipoisha, na haijarudi. Nilikuwa nimemwita baba bahili mbele ya mke wangu. Na yule bahili alikuwa amesimama mbele yangu analipa, mashine yangu iko karakana, dada yangu hajakopa, na hakuna mjomba aliyeamshwa na simu. Nilimshika bega. Akaniambia nisimtikise, anahesabu chenji.

Alipasuliwa, na kitambaa cha jicho kikatolewa asubuhi iliyofuata. Alikaa anapepesa, machozi yanamtoka, akatazama mikono yake kwanza, akaigeuza. Kisha akanitazama mimi.

"Umezeeka," akasema.

"Kwani hukuambiwa?"

"Una mvi hadi kwenye nyusi. Mkeo anakuvumilia vipi?"

Nikaenda kusimama ukumbini mpaka nikawa sawa. Nyumbani alizunguka kila chumba kwa jicho lake moja kama mkaguzi. Alifika kwenye nondo za dirisha nilizomtengenezea mwenyewe mwaka aliostaafu, akaweka kidole kwenye kona, akauliza fundi aliyechomelea upuuzi huu kama alilipwa. Nikamwambia hakulipwa. Akasema haki imetendeka. Siku iliyofuata nilikuja na mashine nikaichomelea upya ile kona, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile.

Jumapili Spana alikuja, tukakaa watatu kupiga ile hesabu ambayo baba alishindwa kuipiga peke yake. Chakula, maji, umeme, sabuni na sadaka, laki moja na sitini kwa mwezi. Pensheni laki moja na themanini. Inabaki elfu ishirini. Matone elfu ishirini na nane. Kwa hiyo anapungukiwa elfu nane kila mwezi, elfu tisini na sita kwa mwaka. Spana akachukua kilichobaki benki, akakigawa kwa hizo elfu tisini na sita, akafika miaka thelathini na tatu na ushei. Baba ana miaka sitini na minane.

"Basi utaishiwa ukiwa na mia na moja," akamwambia. "Hapo uje kwangu, nitakukopesha kamba."

Baba alitazama karatasi. Akasema bei hupanda, na mashine inaweza kusimama tena. Spana akakubali, akasema ndiyo maana mstari haufutwi, lakini mtu hapandishi mstari kila akiukaribia, vinginevyo hiyo si stoo, ni kaburi la vipuri. Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwisho baba alichukua kadi mpya, akapiga mstari kwenye milioni moja na nusu. Juu ya hapo, akasema, vitatoka kwa ombi la kawaida. Akatuuliza ombi la kawaida linaombwaje, maana yeye alizoea kuwa upande wa ndani wa dirisha.

Ombi la kwanza lilikuwa nauli ya kwenda kwa dada yangu. Alikuwa hajaenda miaka sita, akisingizia magoti. Alikaa huko wiki tatu. Dada alinipigia simu akasema baba amempangia upya jiko lote la shule na wapishi wanamwogopa, na yeye analia kwa furaha kila akimwona anapita uani bila kushikwa mkono.

Mimi aliniambia niache kumletea elfu ishirini. Nilikataa. Tukakubaliana nilete kumi, na nikizileta nikae, nisizitupe mezani nikaondoka kama mtu wa kusambaza magazeti. Ni kweli ndivyo nilivyokuwa nafanya. Miaka minane nilileta pesa na sikukaa. Ningekaa, ningekiona kile kigoda mapema.

Namshukuru Spana kwa karatasi yake. Namshukuru yule daktari kwa kutotuzungusha. Namshukuru mke wangu, aliyekunja nguo badala ya kukataa. Namshukuru baba kwa kubana kwake, ingawa kulinichukiza, na ingawa kulikuwa na bei.

Bei yenyewe ni hii. Vipimo, elfu themanini na tano. Upasuaji wa jicho la kulia, laki sita na nusu. Miwani, elfu sitini. Nauli za watu wawili, safari nne kwenda na kurudi, elfu arobaini na nane. Chupa ya kwanza ya matone, elfu ishirini na nane. Jumla laki nane na elfu sabini na moja, zote zimelipwa taslimu, hakuna deni. Karakana ilifungwa siku tisa. Jicho la kushoto, moja.